Danongan Kalanduyan, Mfilipino aliyejenga jamaa mpya ya muziki huko Marekani

Tarehe 28 Septemba 2016, wapigaji wa kulintang walipoteza mmoja wa wazee wao wakubwa. Danongan Kalanduyan, ambaye wengi walimwita Danny, alifariki akiwa na umri wa miaka 69. Alikuwa ameishi Marekani kwa muda wa miaka 40, mbali na kisiwa cha Mindanao alikozaliwa, kusini mwa Ufilipino. Katika miaka hiyo yote alifanya kazi moja kubwa: kufundisha muziki wa jamaa yake kwa watu ambao hawakuzaliwa ndani ya jamaa hiyo.

Kazi hiyo haikuwa rahisi, kwa sababu kulintang si muziki wa mtu mmoja. Mpiga gitare anaweza kuondoka inchini mwake na gitare lake, akakaa peke yake chumbani na kupiga nyimbo za kwao. Mpiga kulintang hawezi. Muziki wake unahitaji vyombo vitano na watu wa kuvishika, na kule Mindanao watu hao ni mama, bibi, wajomba, dada na binamu. Aliyeziacha nyumba za ukoo wake sherti atafute ukoo mwingine wa kupiga naye, la sivyo atanyamaza.

Mtoto wa Datu Piang

Kalanduyan alizaliwa munamo mwaka wa 1947 huko Datu Piang, katika eneo la mto mkubwa wa Mindanao. Ni sehemu ya maji, mabwawa na mashamba ya mpunga, ambako watu wengi huishi kwa uvuvi na kilimo. Watu wa pale huitwa Wamaguindanao. Ni Waislamu tangu zamani, na walikuwa na sultani wao mamia ya miaka kabla inchi inayoitwa leo Ufilipino haijawa inchi moja.

Historia hiyo ni muhimu kwa kumwelewa. Ufilipino ni inchi ya visiwa zaidi ya 7000. Wahispania walianza kuitawala munamo mwaka wa 1565 na wakabaki hadi 1898. Kaskazini na katikati, watu wengi wakawa Wakatoliki, na muziki wao ukachukua magitare na nyimbo za Kihispania. Lakini Waislamu wa kusini, ambao Wahispania waliwaita Wamoro, hawakushindwa kabisa. Jina Moro lilikuwa la dharau kwanza. Baadaye wenyewe walilichukua kwa fahari. Munamo mwaka wa 1898 Hispania iliipa Marekani visiwa hivyo kwa dola milioni 20, na uhuru ulikuja tarehe 4 Julai 1946. Mwaka uliofuata, Danongan akazaliwa.

Kwa kuwa kusini haikumezwa na ukoloni wa kwanza, muziki wa zamani wa vyombo vya shaba ulibaki huko ukiwa hai. Haukuwa umewekwa katika nyumba ya makumbusho. Ulipigwa kwenye arusi, wakati wa kupokea mgeni wa heshima, baada ya mavuno, na katika mashindano ya kijiji kimoja na kingine. Danongan alikulia katika ukoo wa wapigaji. Mtoto wa nyumba ya namna hiyo haandikishwi shuleni ili ajifunze muziki. Anausikia tangu akiwa mgongoni mwa mama, anacheza na fimbo za watu wazima wakienda kula, na siku moja mtu mmoja akikosekana anaambiwa aketi mahali pake.

Vyombo vitano, watu watano

Kulintang ni jina la chombo na pia ni jina la muziki wote. Chombo chenyewe ni magongi manane yaliyolazwa kwa mstari juu ya fremu ya mbao. Asiyewahi kuona gongi la namna hiyo afikirie sufuria dogo lililopinduliwa, lenye kinundu katikati. Hutengenezwa kwa shaba iliyochanganywa na madini mengine. Yanaanza na gongi lenye sauti nzito na kumalizia na lenye sauti nyembamba. Mpigaji huketi mbele yake na fimbo mbili za mbao laini, na kugonga kinundu.

Pembeni yake kuna agung, magongi makubwa mazito yanayoning'inizwa, ambayo sauti yake husikika mbali. Kuna gandingan, magongi manne makubwa na membamba, nayo pia yananing'inizwa. Kuna babendil, gongi dogo ambalo kazi yake ni kushika mwendo, kusudi wengine wote wasipotee. Na kuna dabakan, ngoma yenye umbo la kikombe kikubwa, iliyofunikwa ngozi, ambayo hupigwa kwa fimbo mbili nyembamba.

Kwa desturi ya zamani, kulintang lilikuwa chombo cha wanawake na agung chombo cha wanaume. Msichana aliyepiga vizuri alisifiwa kijiji kizima, na kijana mwenye nguvu za mkono alijionyesha kwenye agung. Siku hizi mpaka huo umelegea, na wanaume wengi wamekuwa mabingwa wa kulintang, Kalanduyan akiwa mmoja wao. Magongi yenyewe ni mali ya ukoo. Yanarithiwa, na katika sehemu nyingi za Mindanao yalihesabiwa hata ndani ya mahari.

Hakuna karatasi ya noti. Wimbo una mwendo wake unaojulikana, na juu ya mwendo huo mpigaji anaongeza, anarudia, anageuza, kufuatana na ufundi wake na ginsi wenzake wanavyomjibu. Wamaguindanao wanatofautisha mtindo wa wazee, ambao huenda polepole na kwa utulivu, na mtindo wa vijana, ambao ni wa mbio na wa kujionyesha. Tena, hakuna kipimo kimoja cha sauti: kila fundi wa magongi alitengeneza seti kwa sikio lake. Wimbo uleule ukipigwa kwenye seti mbili za nyumba mbili, hautasikika sawasawa. Mtu wa Mindanao haoni kosa hapo. Kila nyumba ina sauti yake.

Magongi yanayosema

Kati ya vyombo hivyo vitano, gandingan ndiyo ambayo msomaji wa Kongo ataielewa haraka. Magongi yake manne yanaweza kuiga kupanda na kushuka kwa sauti ya mtu anayesema. Kwa hiyo mpigaji hodari anaweza kutuma ujumbe: kuonya kwamba kuna hatari, kuita watu, kumwambia rafiki aje. Vijana waliopendana waliitumia kusemezana mbele ya wazazi, kwa maneno ambayo hawangethubutu kuyatamka kwa mdomo.

Ndani ya misitu ya Kongo, lokole ilifanya kazi inayofanana. Mmisionari Mwingereza John Carrington, aliyeishi Yakusu karibu na Kisangani, aliandika kitabu munamo mwaka wa 1949 kueleza ginsi ngoma ya mti uliochongwa inavyofuata sauti za juu na za chini za lugha ya watu wenyewe. Chombo cha Mindanao ni cha shaba na cha Kongo ni cha mti, lakini sharti ni moja kwa vyote viwili: anayepiga na anayesikiliza wawe wanajua lugha ile ile. Pasipo lugha, ujumbe unakuwa kelele tu.

Hilo lilikuwa tatizo la kwanza la mtu wa Datu Piang aliyefika Marekani. Angepiga gandingan, nani angeielewa?

Vita nyumbani, masomo Seattle

Aliondoka kwao wakati mbaya. Kwa miaka mingi serikali ya Manila ilikuwa imewapeleka wakulima Wakristo kutoka visiwa vingine kwenda kulima Mindanao, na ugomvi wa mashamba ukakua. Munamo mwezi wa Septemba 1972, rais Ferdinand Marcos alitangaza sheria ya kijeshi inchini kote. Kusini, wapiganaji wa Moro wakashika silaha kudai inchi yao. Vita hivyo viliua makumi ya maelfu ya watu na kuwafukuza wengine wengi zaidi kutoka vijiji vyao, hasa katika eneo la Cotabato, mkoa alikozaliwa Kalanduyan. Watu wa Kivu na Ituri hawahitaji kuelezwa arusi zinakuwaje katika eneo la vita, wala magongi ya shaba yanakwenda wapi jamaa inapokimbia usiku.

Munamo mwaka wa 1976, Kalanduyan alifika katika mji wa Seattle, kaskazini-magharibi mwa Marekani, kwa msaada wa mfuko wa Rockefeller. Chuo kikuu cha University of Washington kilikuwa na desturi ya kuwaalika mabingwa wa muziki kutoka pande zote za dunia ili wawafundishe wanafunzi ana kwa ana. Mwafrika mmoja alikuwa amepita hapo kabla yake: Dumisani Maraire wa Zimbabwe, aliyefika munamo mwaka wa 1968 na kufundisha mbira na marimba. Hata leo kuna vikundi vya marimba katika sehemu hiyo ya Marekani ambavyo asili yake ni kazi ya Maraire.

Kwa upande wa kulintang, Kalanduyan hakukuta shamba tupu. Usopay Cadar, Mfilipino wa kabila la Maranao, jirani za Wamaguindanao, alikuwa amekwisha kuanza kufundisha muziki huo huko Seattle. Tena, mtunzi José Maceda, ambaye ni Mfilipino, alikuwa ameandika utafiti mkubwa juu ya muziki wa Wamaguindanao, aliouwasilisha katika chuo kikuu cha Los Angeles munamo mwaka wa 1963. Wataalamu walijua basi kwamba muziki huu upo. Kilichokosekana ni watu wengi wa kuupiga.

Kalanduyan alifundisha, na yeye mwenyewe akawa mwanafunzi. Munamo mwaka wa 1984 alipata shahada ya pili katika masomo ya muziki wa mataifa. Hivyo alikuwa na elimu mbili: ile ya nyumbani, isiyo na cheti, na ile ya chuo, yenye cheti. Ya pili ilimpa maneno ya kueleza ya kwanza.

Waliotangulia hawakuwa na wa kumwachia

Wafilipino aliowakuta Marekani walikuwa na historia yao, nayo ilikuwa ngumu. Tangu mwaka wa 1906 wanaume vijana walichukuliwa kwenda kukata miwa Hawaii. Wengine walifuata kwenda California kuvuna matunda na mboga, na Alaska kufanya kazi katika viwanda vya samaki. Wengi wao walitoka kaskazini na katikati ya Ufilipino. Waliishi katika kambi za wanaume watupu, maana wanawake waliosafiri walikuwa wachache sana.

Burudani yao kubwa ilikuwa kumbi za dansi, na hata hiyo iliwaletea taabu. Munamo Januari 1930, katika mji wa Watsonville huko California, makundi ya Wazungu yaliwashambulia Wafilipino kwa siku kadhaa, wakikasirika kuwaona wakicheza dansi na wanawake weupe. Kijana mmoja mfanyakazi wa shamba, Fermin Tobera, aliuawa kwa risasi. Munamo mwaka wa 1933 sheria ya California ikawakataza Wafilipino kuoa wanawake weupe, na munamo mwaka wa 1934 sheria nyingine ikapunguza wahamiaji kutoka Ufilipino hadi watu 50 tu kwa mwaka.

Matokeo yake yalionekana baada ya miaka 40. Wanaume wengi wa kizazi kile walizeeka bila mke wala mtoto. Nyimbo walizokuja nazo hazikuwa na mtu wa kuzirithi. Ni baada ya sheria mpya ya uhamiaji ya mwaka wa 1965 ndipo jamaa nzima za Wafilipino zilianza kuingia Marekani kwa wingi: wauguzi, waganga, wahandisi, pamoja na wake, waume na watoto. Leo Wamarekani wenye asili ya Ufilipino ni zaidi ya milioni 4.

Watoto wa jamaa hizo walipofika chuo kikuu walianza kuuliza: sisi ni nani? Wazazi wao walikuwa na majina ya Kihispania, dini iliyoletwa na Wahispania, na magitare ya Kihispania. Vijana walitaka kitu kilichokuwapo kabla ya meli za wageni. Wakakiona katika magongi ya kusini.

Mwalimu na jamaa yake mpya

Baadaye Kalanduyan alihamia eneo la San Francisco, ambako kuna Wafilipino wengi. Akaanzisha kikundi chake, Palabuniyan Kulintang Ensemble. Alifundisha pia katika chuo kikuu cha San Francisco State University. Chuo hicho kilikuwa na historia inayoelekea kazi yake: wanafunzi weusi, Walatini na Waasia, wakiwemo Wafilipino, waligoma hapo miezi mingi kati ya 1968 na 1969 wakidai kufundishwa historia ya watu wao wenyewe, na mgomo huo ulizaa kitivo kizima cha masomo hayo.

Waliokuja kujifunza kwake walikuwa hasa watoto wa wahamiaji kutoka sehemu za Kikristo za Ufilipino. Kule nyumbani, babu zao na babu zake wangeweza kuwa maadui. Huku ugenini waliketi mbele ya magongi yake. Kulikuwa pia na Wamarekani wasio na asili yoyote ya Ufilipino.

Kuwafundisha watu wa namna hiyo kulihitaji subira. Magongi manane ni rahisi kupewa nambari, kutoka 1 hadi 8, na mwanafunzi aliyezoea shule hupenda kuandika nambari hizo kwenye daftari. Lakini nambari zinaonyesha tu ni gongi gani la kugonga. Hazionyeshi mkono uwe mzito kiasi gani, wala ni wakati gani wa kumwachia nafasi mpiga agung, wala ni wakati gani wa kumaliza. Mambo hayo yanajifunzwa kwa kusikia, na kwa kupiga mara nyingi na watu walewale. Ndiyo maana mwanafunzi wa kulintang hawezi kuridhika na chombo kimoja. Leo anashika babendil, kazi inayoonekana ndogo, kesho dabakan, kesho kutwa agung. Akishavipitia vyote, ndipo anaanza kusikia kulintang inasema nini.

Mafundisho ya namna hiyo hubadilisha mahusiano. Watu wanaokutana kila juma, wanaobeba magongi mazito pamoja, wanaojua udhaifu wa kila mmoja, wanaacha kuwa wanafunzi wa darasa. Wanakuwa kitu kinachofanana na ukoo. Kalanduyan aliondoka kwenye jamaa iliyompa muziki, na kwa miaka mingi akatengeneza nyingine, mtu mmoja mmoja, hadi vyombo vyote vitano vikawa na mikono.

Muziki huu ni wa nani?

Hapo ndipo penye jambo zito zaidi katika maisha yake. Kulintang ilipopata sifa Marekani, wengi walianza kuiita tu muziki wa Ufilipino. Kwa sikio la mgeni hilo halina shida. Kwa mtu wa Datu Piang lina shida kubwa, kwa kuwa watu wake walipigana na dola la Manila kwa sababu hiyo hiyo: kuhesabiwa ndani ya taifa bila kuulizwa na bila kutajwa jina.

Vikundi vya dansi vilikuwa vimeufungua mlango huo mapema. Kikundi cha Bayanihan, kilichoanzishwa Manila munamo mwaka wa 1957, kilichukua dansi na muziki wa makabila mengi, wakiwemo Waislamu wa kusini, kikavitengeneza upya kwa ajili ya jukwaa, kwa mavazi yanayong'aa na mwendo wa haraka. Munamo mwaka wa 1958 Bayanihan ilishangiliwa katika maonyesho makubwa ya dunia huko Brussels. Wakongo wanayakumbuka maonyesho hayohayo kwa jambo lingine: Ubelgiji ilijenga hapo kijiji cha Kongo, ikaweka watu ndani yake watazamwe, na baada ya kudhihakiwa na watazamaji, Wakongo hao walirudi kwao kabla ya maonyesho kumalizika. Mambo hayo mawili hayafanani, kwa maana wachezaji wa Manila walipewa heshima. Lakini swali linalobaki ni moja: mtu akiwekwa mbele ya watazamaji, nani anaamua kile atakachoonyesha?

Jibu la Kalanduyan lilikuwa kufundisha na kuandika. Munamo mwaka wa 1996 alichapisha katika jarida la Asian Music makala juu ya kulintang ya Wamaguindanao, akieleza vyombo, nyimbo, mahali vinapopigwa na kazi yake katika maisha ya watu. Jina la watu wake lilikuwa neno la kwanza la kichwa cha makala. Hakuwafungia mlango vijana waliotaka muziki huo uwe wao pia. Aliwapa. Lakini aliwapa pamoja na majina yake: jina la mwendo, jina la chombo, jina la kabila. Mwanafunzi aliyetoka kwake hangeweza kusema kwamba hakujua mahali muziki ule ulikotoka.

Heshima ya 1995

Munamo mwaka wa 1995, shirika la serikali ya Marekani linalosimamia sanaa lilimpa Kalanduyan tuzo ya National Heritage Fellowship. Hiyo ndiyo heshima ya juu zaidi ambayo inchi hiyo inatoa kwa mabingwa wa sanaa za jadi. Ilianza kutolewa munamo mwaka wa 1982, na waliopewa ni watu kama wapiga blues wa kusini, wafumaji wa vikapu wa makabila ya Wahindi Wekundu, na wahamiaji waliokuja na sanaa za kwao.

Ufilipino nayo ilikuwa imeanza kuwatambua mabingwa wa Mindanao. Munamo mwaka wa 1993 ilimheshimu Samaon Sulaiman, Mmaguindanao mpiga kutyapi, chombo cha nyuzi mbili, na kumhesabu kuwa hazina hai ya taifa. Hivyo ndani ya miaka miwili, watu wawili wa kabila moja walipata heshima kubwa za serikali mbili tofauti: mmoja aliyebaki nyumbani, na mwingine aliyeondoka.

Nyumbani, amani haikuja haraka. Mapatano ya kwanza yalitiwa sahihi Tripoli munamo Desemba 1976, mwaka uleule alioondoka, lakini vita vilirudi. Tarehe 23 Novemba 2009, katika mkoa wa Maguindanao, watu 58 waliuawa kwa siku moja kwa sababu ya uchaguzi, 32 kati yao wakiwa waandishi na wafanyakazi wa vyombo vya habari. Munamo mwezi wa Machi 2014 serikali na wapiganaji wa MILF walitia sahihi mapatano makubwa ya amani. Jimbo jipya la Waislamu lenye kujitawala, Bangsamoro, lilizaliwa munamo mwaka wa 2019. Kalanduyan alikuwa amekwisha kufa miaka mitatu kabla.

Kilichobaki

Mtu akifa, mara nyingi watu hutazama mali aliyoacha. Mpiga kulintang huacha magongi, na shaba haiozi. Seti moja inaweza kuwatumikia wajukuu wa wajukuu. Lakini seti nzima ikiwa sebuleni na watu watatu tu wanaojua kupiga, bado hakuna muziki. Kwa hiyo urithi wa Kalanduyan unahesabiwa kwa watu. Wanafunzi wake wengi sasa ni walimu. Katika miji ya pwani ya magharibi ya Marekani kuna vijana waliozaliwa huko, wasiowahi kufika Datu Piang, wanaojua kutofautisha mtindo wa wazee na mtindo wa vijana wa Maguindanao.

Habari hii inawahusu pia watu wa mashariki mwa Kongo kwa njia ya karibu. Katika miaka ya kabla ya 2025, Kongo ilikuwa mara nyingi kati ya inchi za kwanza ambazo wakimbizi wake walipokelewa Marekani. Maelfu ya jamaa kutoka Kivu, Tanganyika na Maniema wanalea watoto katika miji ambako hakuna anayejua nyimbo za arusi za kwao, wala ngoma ya mavuno. Wengi wana korali za kanisa, na hapo watoto wanashika lugha na sauti. Ngoma za kijiji ndizo zilizo hatarini, kwa sababu, kama kulintang, hazipigwi na mtu mmoja.

Kalanduyan hakungoja watu wa kabila lake wafike wengi ndipo aanze. Kama angengoja, angekufa akiwa bado anangoja. Alianza na waliokuwapo, hata kama walitoka upande uliopigana na wake, akawapa fimbo, akawaonyesha babendil kwanza.